Themosi ya mama nimeivisha shanga, uzoefu wangu

Hii kitu nimeanza kwa sababu ya themosi ya mama, ile ya bati nyekundu yenye maua, rangi imebanduka mpaka bati linaonekana, na mama hataki kabisa itupwe maana ndani bado inashika moto, chai ya asubuhi ukimimina saa nane mchana bado inachoma mdomo. Nikasema basi, nitaivisha shanga na vijiwe vya kung'aa.

Shanga za karatasi nilinunua kwa wamama wa Acholi Quarters, mtaa wa hapa Banda, Kampala, wengi wao walikimbia vita vya kaskazini mwa Uganda miaka ile. Uzi mmoja shilingi 5,000 za Uganda. Wanakata kalenda na magazeti ya zamani vipande virefu vya pembetatu, wanazungusha kwenye sindano, gundi kwenye ncha, halafu vanishi. Nilikaa nao karibu saa nzima, mama mmoja anaongea na wateja huku vidole havisimami hata kidogo. Kwenye shanga yangu moja bado unaona tarehe 17 ya kalenda, nyekundu, hiyo naipenda kuliko zote. Wamama nawapa nyota 5.

Vijiwe vya kioo ndio vilinitesa. Nilipata duka moja huko Kikuubo, mtaa wa maduka mjini Kampala, pakiti 15,000, saizi SS16 yaani kama milimita 4, na muuzaji akaniongezea supaglu akisema hii inashika mpaka kiama. Kushika inashika kweli! Lakini asubuhi yake vijiwe vyote vimeingia ukungu mweupe, kama kioo cha teksi mvua ikinyesha, nafuta hautoki. Kumbe ni mvuke wa hiyo gundi yenyewe ikikauka. Nilitaka kulia jamani, vilikuwa zaidi ya 200 na nilivipanga kimoja kimoja usiku, umeme unaenda unarudi. Vijiwe vyenyewe nampa 4 maana vinang'aa vizuri sana, ushauri wake wa gundi simpi kitu.

Nikabandua vyote nikaanza upya na gundi nyingine, E6000. Hii haina haraka, unaweza kusogeza kijiwe mpaka mstari unyooke, halafu unaiacha siku moja mpaka tatu ndio inakomaa. Harufu ni kali, fungua dirisha na watoto wakae mbali. Kabla ya kubandika piga bati msasa kidogo ufute na spiriti, mafuta ya mkono yakibaki kijiwe hakikai. Kuokotea nilitumia kijiti chenye nta ya nyuki kwenye ncha, kibano kilikuwa kinavirusha chini ya viti.

Shanga za karatasi nikazizungushia juu kwenye mabega, mbali na mdomo, kwa sababu vanishi na maji ya moto kila siku haviendani. Kuosha ni kitambaa chenye unyevu tu, usiizamishe kwenye beseni.

Nikaituma kwa mama huko Arua, kwa basi. Sasa miezi miwili mama anaitumia kila siku, vimetoka vijiwe 3, vyote pale mkono unapokamata, amevifunga kwenye kikaratasi ananingojea Desemba nivirudishe.