Maji au shati? Usafi wa Paris, karne ya 13 na ya 17

Mkazi wa Paris wa karne ya 13 alikuwa na hamamu mtaani. Mpiga mbiu alitangaza kwamba maji yamepata moto, ila kanuni za chama cha wenye hamamu zilimkataza kupiga kelele kabla ya kupambazuka (wateja walioamka kwenda kuoga gizani wangeweza kupatwa na hatari njiani). Kujifukiza mvuke, denier 2 (sarafu ndogo ya Ufaransa). Kuingia kwenye pipa la maji, 4.

Karne ya 17, maji ya moto yakaogopwa: madaktari walidai yanafungua vitundu vya ngozi, tauni ikaingia. Mtu akanawa mikono na uso, akabadili shati la kitani lililofyonza jasho. Kola nyeupe ndiyo ilikuwa ushahidi. Tajiri sawa, lakini mwenye shati moja je? Mimi ningechagua pipa.