Mwana wa yaya na formasyo ya elektrisite mu luga mbili, Lubumbashi (uzoefu wangu)

Mi si mwalimu, niko paka mama leki (mama mudogo) mwenye kulipa. Mwana wa yaya wangu alikomalia Kitwe kule Zambia, masomo yote Kingereza, ku nyumba Kibemba, na vile barudia huku akiwa na miaka 16 ku masomo (shule) ya kwanza tulienda balimuambia arudie nyuma miaka mbili juu hajue Kifaransa. Na kichwa yake iko muzuri kabisa! Njo tukamuandikisha ku santre moja ya ufundi yenye kufundisha mu luga mbili: mu atelye (chumba ya kazi ya mikono) balimu banaeleza kwa Kiswahili, kisha jina ya kila kitu inaandikwa ku tablo kwa Kifaransa.

Wiki ya kwanza ilikuwa cheko. Mwalimu anasema leta "prise" (kile kitu ya kuchomeka umeme), ye anasikia ile "prize" ya Kingereza, anangojea zawadi 😂. Lakini ye mwenyewe akagawanya kaye yake mara tatu, Kiswahili, Kifaransa na Kingereza: waya ya moto, "phase", "live", waya ya udongo, "terre", "earth". "Disjoncteur" (kifaa yenye kujikata umeme yenyewe) njo ilimutesa ulimi mwezi muzima.

Kitu nilipenda sana, mwalimu wa atelye hakumuhesabia mujinga. Prise ya Zambia iko na miguu tatu bapa na fiuzi kidogo mule ndani, ya huku miguu mbili ya mviringo, fiuzi hakuna. Basi akamuomba alete ralonji (waya ya kurefusha umeme) ya zamani yenye balikuja nayo, bakaifungua mbele ya wote, akamuambia eleza, na ukikwama sema Kibemba, juu huku kwetu batu mingi banasikia Kibemba bila shida. Alirudia ku nyumba ile siku anaongea kama chefu, hata chakula alisahau.

Sasa ubaya. Teori ni mwalimu mwingine, dikte ya Kifaransa mwanzo mpaka mwisho, hakuna kueleza. Luga mbili inaishia ku mulango wa atelye kumbe, na ku kuandikisha hakuna mwenye alituambia. Nililipa dola 25 kila mwezi, na feza ya stazi (kujizoeza ku kazi) kando, stazi yenyewe ikachelewa miezi tatu, rapori yake paka Kifaransa. Siku ya juri (batu benye kupima egzamen ya mwisho) mutoto akaunganisha tablo ya moto (sanduku ya kugawa umeme) vizuri, taa zikawaka, bakamuuliza kwa Kifaransa juu ya nini ameweka disjoncteur ya ile nguvu, akanyamaza ji. Jibu alikuwa nayo! Alinipa ku njia tukirudia, kwa Kibemba, mi mwenyewe nikaelewa na umeme sijue kitu.

Pratike amepita, teori anarudilia. Leki yake wa kike anataka kushona na nitamupeleka kulekule, ila mara hii mbele ya kutoa feza nitauliza juri ya kushona banaongeaka luga gani.