Kufunga faili kwenye Python, lugha ya kuandikia programu: close(), amri unayoiita mwenyewe, au with, inayofunga faili yenyewe kazi ikiisha?
Kwa uhakika, with inashinda: kosa likitokea katikati, faili hufungwa tu. Niliwahi kusahau close() ndani ya kitanzi (msimbo unaojirudia) kilichosoma risiti za duka moja la Ntinda, Kampala, faili zikabaki wazi. Mfumo wa kompyuta wa Linux, ambao kwa kawaida huruhusu programu moja kufungua hadi faili 1024 kwa pamoja, ukagoma. Jioni nzima nikasaka kosa!

Kusomeka, with tena. Ila kama faili yako ya kumbukumbu za matukio (log) inakaa wazi kutwa, ikipita funksheni hadi funksheni, utaona close() inakufaa zaidi, mradi uiweke ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea. Gharama? Mistari michache tu. Na umeme ukikatika ghafla, hakuna inayokuokoa. Ita flush() na os.fsync() mapema, ili data ifike kwenye diski.