Epson V600 na picha za zamani za nyeusi na nyeupe: uzoefu wangu

Naitumia skana ya Epson Perfection V600 kuskani picha za familia zilizopigwa studio za Mombasa miaka ya 1960, na kwa kazi hii nimeipenda mno.

Dpi, yaani nukta kwa kila inchi, zisikubabaishe. Wanaitangaza kwa 6400, lakini hizo ni za negativu, yaani filamu. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi haibebi mambo mengi kiasi hicho, 600 zatosha. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itakupa pikseli kama 2100 kwa 3000, na hata ukiichapisha kwa ukubwa maradufu inatoka safi. Ukizidisha hapo unajaza diski bure.

Utamu wenyewe uko kwenye kijivu. Kwenye programu yake ingia sehemu ya kitaalamu, chagua kijivu cha biti 16 (chenye ngazi nyingi zaidi za kijivu), zima ile huduma ya kunoa picha, kisha fungua histogramu, ule mchoro kama mlima unaoonyesha giza na mwanga wa picha. Sogeza alama ya weusi na ya weupe hadi mlima unapoanzia na unapoishia, usiukate. Kabla ya hapo kuna duka la fotokopi lilinifanyia kazi hii, na kanzu ya babu ikatoka nyeupe tupu kama karatasi. Sasa naiona darizi ya shingoni, mikunjo ya mikono, hata vitobo vya kofia. Bibi alipoonyeshwa alimtaja hapo hapo fundi aliyeishona ile kanzu.

Sensa yake, kile kinachosoma picha, ni ya aina ya CCD, na hilo lina maana kubwa kwetu wenye picha zilizojikunja. Skana nyembamba zenye sensa ya aina nyingine, CIS, hutia ukungu pale karatasi isipogusa kioo, hii inavumilia.

Karatasi zenye vinundu ndizo ngumu, maana mwanga wa skana huja upande mmoja na kila kinundu kinatupa kivuli. Skani, geuza picha nyuzi 180, skani tena, halafu ziunganishe kwenye programu ya kuhariri. Vivuli vinapungua sana. Zile zilizoota mng'aro wa fedha kwenye weusi, skana ya kioo haiziwezi vizuri. Zipige kwa kamera, taa mbili ubavuni.

Vumbi lipulize kwa pampu ya mkono, usipanguse kwa kitambaa kibichi. Hifadhi kwa TIFF, faili isiyopunguza ubora, na JPEG toa za kurusha kwenye grupu la familia tu.