Kaskazi au kusi: upi humfaa chaza?

Kaskazi, upepo wa msimu wa Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji yenye joto la nyuzi 28 hadi 30. Ila maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa mnamo saa nne asubuhi, na chaza wa juu ya mwamba huungua juani. Kamba za kufugia zishushwe zisianikwe.

Kusi, upepo wa msimu unaofuata, hupoza maji hadi nyuzi 25 hivi. Mawimbi hukata kamba na kufukua kombe, jamaa wa chaza, mchangani. Kibaya zaidi ni masika yanayoufungua msimu huo. Karibu na delta ya Rufiji, maji ya mto hupunguza chumvi, tope huziba matamvua ya kupumulia, chaza hufunga magamba. Na aliyefunga hali. Zikipita siku nyingi, hufa.