Vikombe vyeupe vya kuprinti Kariakoo: nilichokiacha na ninachonunua sasa

Naprinti vikombe na tisheti nyumbani Mbagala, huu ni mwaka wa nne. Wateja wangu ni watu wa sendofu, kicheni pati, kipaimara na mahafali ya chekechea. Mashine za joto ninazo mbili, ya bapa kwa tisheti na ya vikombe, na wino ninaotumia, wa sublimesheni, ni uleule tangu nianze. Kwa hiyo kazi ikiharibika, mara nyingi tatizo liko kwenye kikombe chenyewe.

Hilo nililijua kwa hasara. Niliwahi kupewa oda ya vikombe 24 vya sendofu, nikanunua vya bei ya chini kabisa nilivyovikuta dukani. Muuzaji aliniambia, "Dada yangu, hivi na vile vya elfu tano ni vilevile, kule unalipia boksi tu." Nikaamini. Vilitoka kwenye mashine vimeingia unjano kidogo, nikajipa moyo kwamba mteja hataona. Wiki mbili baadaye shangazi wa bibi harusi akanitumia picha: uso wa binti yao umebanduka shavu zima, limebaki doa jeupe. Nilimrudishia hela yake yote, na bado nikimwona naona haya.

Anayeanza aelewe kwanza kwamba wino huu haushiki kwenye udongo wa kikombe. Ukipata joto unageuka mvuke, unaingia ndani ya utando mwembamba wa plastiki uliopakwa juu ya kikombe. Kikombe cha kawaida cha duka la vyombo, hata kiwe kizuri namna gani, hakina utando huo. Utakipiga joto na picha itafutika kwa kitambaa. Ubora wa kikombe cha kuprinti ni ubora wa utando wake, na kiwanda kinachotaka kuuza rahisi hupunguza hapo.

Mwezi wa sita nilizunguka Kariakoo siku mbili, Mtaa wa Aggrey hadi upande wa Msimbazi, nikanunua kimoja kimoja vikombe vya bei tatu: 2,500, 3,500 na 5,000. Vyote vya wakia 11, kile cha kawaida. Nikavichapa picha moja, uso wa mtoto na mstari mweusi mnene pembeni, nyuzi 180 kwa dakika tatu. Kisha nikavitumia kwa chai kila siku na kuviosha kwa waya wa kusugulia masufuria, kwa sababu ndivyo vitakavyooshwa kwa wateja.

Cha 2,500 kilianza kunionya kabla ya mashine. Ukikiinamisha kwenye mwanga unaona vitone kama vumbi lililogandia ndani ya rangi, na chini karibu na kitako utando unaishia kwa mstari uliopinda. Nikaweka rula ubavuni ikasimama kwa juu, ila chini mwanga ukapita. Kikombe chembamba kitakoni hakikumbatiwi vizuri na mpira wa mashine, joto halifiki, picha inapauka upande huo. Ndivyo ilivyotokea: miguu ya mtoto ilitoka kijivu. Siku ya tisa ya kusugua, mstari mweusi ukaanza kumeguka.

Cha 3,500 ndicho ninachonunua sasa. Hakina boksi lake, kinakuja kwenye katoni ya vikombe 36 vilivyotenganishwa kwa makaratasi magumu. Rula ilikaa sawasawa juu hadi chini. Nyeusi ilitoka nyeusi kweli, siyo kahawia, na wiki tatu za waya zimekiachia mikwaruzo midogo tu karibu na mkono.

Na cha 5,000? Kizuri pia, lakini nimekiweka pembeni ya hicho cha 3,500 mezani, mume wangu akashindwa kusema kipi ni kipi. Hapa yule muuzaji alikuwa na ukweli nusu: ukifika ngazi hii, tofauti kweli ni boksi. Mteja akitaka zawadi, nanunua boksi tupu kwa 500.

Tisheti zilinisumbua zaidi kwa sababu macho hayatoshi: wino huu unashika polista, pamba haushiki. Nilinunua mbili, zote niliambiwa ni polista tupu. Nilichomoa uzi kwenye pindo la kila moja nikauwasha kwa kiberiti. Wa kwanza uliyeyuka ukaacha kidonge kigumu cheusi. Hiyo ni polista. Wa pili uliwaka kama karatasi iliyounguzwa, ukaacha majivu na punje ndogo ngumu katikati, maana yake ni mchanganyiko na pamba. Nikaiprinti hivyohivyo nione. Siku ya kwanza ilipendeza, ikafuliwa mara moja, rangi yote iliyokaa juu ya pamba ikaondoka na maji, ikabaki kama tisheti ya miaka mitano. Kwa anayependa mwonekano mkuukuu sawa, mzazi wa mahafali hataipokea. Ile ya polista nilinunua kwa 6,000. Ndani ni laini, haigandi mwilini. Nyeupe tu, au rangi nyepesi sana: wino huu hauna rangi nyeupe, kwa hiyo tisheti nyeusi usiiguse.

Viholda vya funguo vya bati ni vizuri kwa bei yake, 1,000 kimoja. Vina plastiki nyembamba juu inayong'aa kama bati lenyewe, bandua kabla ya kuprinti. Cha kwanza sikubandua, picha yote ikaenda na plastiki.

Kitu cha mwisho kilichonifunga kwa muuzaji wa hivi vikombe vya 3,500: anakubali kufungua katoni mbele yako, na chenye kasoro anabadilisha alimradi hakijaingia kwenye mashine. Niende asubuhi, kabla duka halijajaa, ananipa na kiti. Katoni ya juzi nilikuta viwili vina vitone na kimoja mkono umekaa upande. Alivibadilisha vyote vitatu bila maneno.