TAHADHARI: vijana mnaotafuta kazi ya laini za umeme, msilipie vifaa

Ndugu zangu hasa nyie mliomaliza umeme VETA na bado mpo mtaani, someni hii. Mdogo wangu kapigwa laki na themanini mwezi uliopita, hela ambayo mama aliikopa vikoba.

Ilikuwa hivi, kuna jamaa kajitambulisha ni foremani wa mkandarasi wa mradi wa REA (umeme vijijini), anataka vijana wa kusimamisha nguzo na kuvuta waya, akawaunga kwenye grupu la WhatsApp akawa anarusha picha za saiti kila siku, halafu akasema kila mtu alipie 180,000 ya vifaa na cheti cha usalama, na hela inaingia kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Vifaa wakapewa kweli, hapo ndo wakaamini kabisa. Siku ya kuripoti saiti simu haipatikani na grupu wametolewa wote.

Hela inauma ila mimi kilichonitoa jasho ni vile vifaa, maana laini nimezipanda miaka sita. Mkanda wa kupandia nguzo mshono umeshaanza kuachia wakaupiga rangi uonekane mpya. Glovu hazina maandishi yoyote! Glovu ya umeme mkubwa inaandikwa daraja na volti zake, juu yake unavaa ya ngozi, na kila kabla ya kuivaa unaikunja kuanzia mdomoni hewa ibanwe ndani uone kama inavuja. Sasa mtoto ana cheti cha siku mbili, hajafundishwa kwamba laini inazimwa, inapimwa, inafungwa ethi (inaunganishwa na ardhi) ndo uiguse, na huyo huyo anaenda kupanda kwenye laini ya 33 kV, yaani volti elfu thelathini na tatu. Jamani.

Sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 inamtaka mwajiri ndo atoe vifaa vya kinga. Kibarua halipii helmeti. Na kama unataka TANESCO, nafasi zinatangazwa Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kuomba ni bure. Ukishatumiwa meseji ya hivyo ripoti namba ya aliyekutumia kwa kuituma kwenda 15040.

Juzi nimemkuta dogo anataka kuuza ule mkanda elfu ishirini kwa mwenzake ili arudishe kidogo ya mama. Nimeukata vipande kwa kisu.